Kifaransa cha Geti la Mbung'o

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile ambayo mzee mmoja muuza maharage alilipokea daftari langu, akalisoma ukurasa kwa ukurasa akiwa ameegemea baiskeli yake, kisha akalifunga na kuniuliza kama nina haya.

Nitakueleza kwa nini aliniuliza hivyo. Lakini nianze na barua yako, ile uliyomwandikia mama yako, kwamba unataka kuacha somo la Kifaransa kwa sababu wewe ni mtu wa sayansi, na sayansi iko kwa Kiingereza. Kifaransa, umeandika, ni cha wale watakaofanya kazi hotelini. Mama yako alinipa barua hiyo ili nikukaripie. Mimi nilicheka, kwa sababu Kifaransa changu nilikipata getini, kwa mbung'o, na bila hicho nisingekuwa kwenye meza hii yenye hadubini ninayokuandikia sasa.

Najua utasema mama mdogo ana miaka ishirini na sita, uzee kaupata wapi. Kweli, sina mvi hata moja. Lakini wewe ni mtoto wa dada yangu, na kwetu Wakonongo hiyo inatosha kukuita mwanangu na kukukalisha chini. Tena nikiri mapema: barua hii nimeiandika upya mara tano. Ukifika mwisho utajua kwa nini ya tano ndiyo niliyoituma.

Nilipomaliza kidato cha nne sikuchaguliwa kuendelea. Watu hudhani nilishindwa. Ukweli ni kwamba kwenye mtihani wa hesabu nilikaa karibu saa nzima kwenye swali la kwanza, nikilifuta na kuliandika upya ili lipendeze, na kengele ikagongwa maswali mengine sijayagusa. Nilirudi nyumbani Kawajense na swali moja zuri sana.

Baada ya miezi kadhaa nikapata kibarua kwenye geti la mbung'o. Unalijua lile geti, ule mti uliolazwa kukatiza barabara inayotoka porini kuingia Mpanda mjini. Kila gari lilisimama, kila baiskeli ilisimama, na mimi nilizunguka na wavu kuwakamata mbung'o waliopanda bila nauli. Ukimwacha mmoja, anakwenda kumuuma ng'ombe wa mtu mjini na kumwachia ugonjwa. Niliandika idadi ya niliowakamata na saa. Hakuna aliyeniagiza zaidi ya hapo, lakini mimi, kwa jinsi nilivyo, niliandika pia rangi ya nguo ya mwendesha baiskeli. Ndani ya miezi michache niliona kitu kilichoninyima raha: waliovaa nyeusi au buluu walikuja na mbung'o wengi mgongoni kuliko waliovaa nyeupe. Nilidhani nimegundua kitu ambacho dunia nzima haikijui. Sikumwambia mtu, maana sikuwa na hakika kwamba nimehesabu sawasawa.

Kifaransa nacho kilikuja pale pale barabarani. Kulikuwa na mama anayeuza karanga karibu na geti. Siku moja nilizila karanga zangu, nikaikunjua karatasi, na mle ndani kulikuwa na maneno nisiyoyajua yenye vijimstari juu ya herufi. Nikamrudia nikamwomba kitabu chenyewe. Kilikuwa kitabu cha kumfundisha Kifaransa mtu anayejua Kiingereza, na kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimeshaondoka na karanga. Alinipa kilichobaki. Kilianzia somo la tano.

Fikiria mtu anayejifunza lugha kuanzia somo la tano. Nilijua kuuliza treni inaondoka saa ngapi. Nilijua kusema kwamba shangazi yangu ana kofia ya manjano. Salamu sikuzijua, kwa sababu salamu zilikuwa somo la kwanza.

Ndiyo maana Jumatano moja, mzee mwenye gunia la maharage kwenye keria aliposimama getini, akaona kitabu kwenye kiti changu na kusema, "Bonjour, mademoiselle," nilibaki nimemkodolea macho. Kisha, ili asinione mjinga, nikamwuliza kwa Kifaransa cha somo la tano treni ya Lyon inaondoka saa ngapi.

Mzee alikishika kiti cha baiskeli ili asianguke kwa kicheko. "Mwana wanje, mwanangu," akasema, "hii ya hapa Mpanda yenyewe hatujui inaondoka saa ngapi, wewe umeshafika kwenye ya Ufaransa?"

Huyo ndiye Mzee Nestori. Alikuwa Mrundi wa makazi ya Katumba, aliyekimbia kwao zamani akiwa kijana. Huko alikuwa amefanya kazi kwenye maabara ya hospitali, akipima damu na makohozi. Hapa alilima mihogo na maharage, na kila Jumatano alipita getini kwangu kwenda sokoni. Tangu siku ile, wakati mimi napitisha wavu kwenye baiskeli yake, yeye alinifundisha. Alianza na salamu. Kisha tukaenda kwenye maneno ya maabara: damu, tone, kioo, kimelea. Aliyatamka kwa heshima, kama mtu anayetaja majina ya watoto wake. Ilikwenda hivyo miaka miwili, robo saa kila Jumatano, na jioni za nyumbani nikisikiliza redio ya Kifaransa ya ng'ambo ya ziwa nikiwa na penseli mkononi.

Sasa sikia kilichotokea.

Mwezi wa Juni, nyasi zikiwa bado ndefu, treni ilileta masanduku mawili kwenye ofisi yetu ya kudhibiti mbung'o. Ndani kulikuwa na mitego kumi ya mbung'o iliyotengenezwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi, na juu yake chandarua cheupe chenye umbo la pia. Ilitoka nchi moja ya Afrika Magharibi ambako shule zote hufundisha kwa Kifaransa, na kijitabu cha maelezo kilikuwa cha Kifaransa kitupu. Tuliambiwa cha Kiingereza kitafuata. Hakikufuata.

Mkuu wetu alikuwa Bwana Lukasi, ambaye watu walimwita Bwana Mbung'o kama wanavyomwita mwingine Bwana Mifugo. Mtu mwema, mwenye haraka. Alikigeuza kijitabu juu chini, akauliza, "Hapa kuna anayekijua hiki Kizungu kingine?"

Sadiki, dereva wetu, akajibu, "Mimi najua kimoja tu, Bwana, kile cha kusema na injini ikigoma. Na hicho hakifai mbele ya watu."

Walicheka. Mimi nilikuwa mlangoni. Mdomo wangu ulifunguka, mwanangu. Kisha nikawaza: nikisema ninajua, watanipa nisome hapa hapa mbele yao, na nikikwama kwenye neno moja itakuwaje? Nikaufunga.

Basi mitego ikawekwa kwa akili za kawaida. Vitambaa vile vilikuwa vizuri mno. Fundi cherehani angeweza kutoa sketi mbili za shule kwenye mtego mmoja, na watu walishaanza kuiita sketi za mbung'o. Bwana Lukasi aliogopa wizi. Kwa hiyo yote kumi ilifichwa kwenye vichaka vizito kando ya mto kule Mwamkulu, ndani ya kivuli, nyasi zimeizunguka kila upande. Tulipokwenda kukusanya mbung'o, hata sisi wenyewe tuliitafuta.

Kijitabu nilikiomba nikitunze kisiliwe na mchwa. Nikakipeleka nyumbani, nikanunua daftari, nikaanza kukigeuza kwa Kiswahili. Na kwenye ukurasa wa pili nikakutana na maneno yaliyonifanya nisimame, nikae, na kusimama tena. Mbung'o huwinda kwa macho, kijitabu kilisema. Buluu humvuta kutoka mbali, nyeusi humfanya atue, na akishatua hupanda kuelekea kwenye mwanga, ndipo huingia kwenye chandarua. Weka mtego mahali pa wazi, juani, uonekane kutoka mbali, na fyeka nyasi kuuzunguka. Kwenye kivuli mbung'o hapandi.

Mwanangu, ilikuwa ni daftari langu la getini. Nguo nyeusi, nguo za buluu. Watu wa mbali, nisiowajua, walikuwa wameona nilichokiona mimi barabarani Mpanda, na walikuwa wamekwenda mbele zaidi, na walikuwa wamekiandika kwa lugha ambayo mimi, katika ofisi yetu nzima, niliweza kuisoma. Nililifungua daftari la getini, nikaliweka kando ya kijitabu.

Ungetegemea nikimbie ofisini asubuhi yake. Sikukimbia. Kulikuwa na maneno manne kwenye kile kijitabu ambayo sikuyajua. Manne, kati ya kurasa arobaini. Niliapa nitapeleka tafsiri ikikamilika. Nilinakili ukurasa wa kwanza mara kumi na moja. Nilifuta kwa raba mpaka karatasi ikatoboka, nikalionea haya lile tundu, nikaanza upya. Hata Mzee Nestori sikumwambia, maana nilitaka nimwoneshe kazi isiyo na doa.

Wiki ya kwanza ikapita hivyo. Ya pili ikapita. Kila asubuhi tulileta ofisini mbung'o wawili, watatu, siku nyingine hakuna.

Aliyekuwa akisubiri zaidi ya wote ni Mzee Masanja. Alikuwa Msukuma aliyehamia Mwamkulu na ng'ombe wake miaka michache nyuma. Alishafyeka mashamba na kujenga, na binti yake wa mwisho alikuwa darasa la nne, wa kwanza kwenye nyumba ile kukaa shule moja zaidi ya mwaka. Mbung'o walikuwa wakimmaliza. Kila Jumatatu alikuja ofisini, akaketi kwenye ngazi na kuuliza, "Haya, habari za sketi?"

"Bado, mzee," Bwana Lukasi alijibu.

"Zinavaliwa na nani huko porini, maana mbung'o naona hawazitaki."

Jumatatu ya tatu hakutania. Dume lake kubwa la kukokota jembe lilikuwa limekonda wiki zote hizo, macho yakitoa machozi, na usiku wa Jumapili lilikufa. Alituambia bila kupandisha sauti. Akasema akiona hakuna mabadiliko, atahama tena na waliobaki, na binti atakwenda nao, kwa sababu hamna wa kumwachia.

Siku ile ile ujumbe ulikuja kwa redio ya ofisi: mitego haifanyi kazi, ifungwe, ipakiwe kwenye treni ya Ijumaa, ipelekwe wilaya nyingine. Nilimwona Mzee Masanja akiteremka ngazi, na daftari lilikuwa kwenye mfuko wangu, limebakiza maneno manne.

Jumatano nilimsimamisha Mzee Nestori kabla hata hajafika kwenye mti wa geti. Nikampa daftari na kijitabu. "Shikamoo babu. Naomba maana ya haya manne tu, niliyoyapigia mstari."

"Marahaba." Akaegemea baiskeli, akaanza kusoma. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Mara akatabasamu, mara akatikisa kichwa. Kisha akauliza, "Haya umeyaandika lini?"

"Wiki ya kwanza mitego ilipokuja, babu. Tangu hapo narekebisha."

"Na mitego iko wapi?"

"Vichakani. Kwenye kivuli."

Akalifunga daftari. "Una haya wewe?"

Nikadhani anauliza kwa nini sikumwambia mapema. Nikasema ninazo, tena nyingi, ndizo zilizonifanya ninyamaze.

"Hapana," akasema. "Hizo unazozisema ni za kujionea huruma. Nakuuliza kama unamwonea haya mwenye ng'ombe." Akaligonga daftari kwa kidole. "Nikwambie mimi nilifanyaje. Dawa zilikuwa zinakuja hospitalini kwetu na karatasi za Kifaransa, na mimi nilikuwa na darasa la saba la misheni. Daktari ananiambia, soma. Ninalolijua nalisema. Nisilolijua nasema, hili silijui, daktari. Sikufa. Na wagonjwa wengi nao hawakufa. Ungekuwa wewe, ungekaa na karatasi mpaka tuwazike, halafu ungeisoma vizuri sana msibani."

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. "Basi nipe hayo manne, babu, nikimbie."

"Sikupi." Akanirudishia daftari na kushika usukani. "Peleka haya uliyonayo. Hayo manne njoo nayo Jumatano ijayo."

Na akaondoka kweli, na maharage yake, bila kugeuka. Nimekutana na walimu wengi tangu hapo, lakini hakuna aliyenifundisha kwa kuninyima kama yule.

Nilimwachia mwenzangu wavu, nikakimbia ofisini. Bwana Lukasi alikuwa anafungua kamba za kufungia masanduku. Sadiki alikuwa anapulizia matairi ya gari upepo. Nikasema, kwa sauti iliyonitoka nyembamba kama ya kitoto, kwamba ninajua kilichoandikwa kwenye kijitabu.

"We binti unajua Kifaransa?" Bwana Lukasi akauliza. "Umekisomea wapi?"

"Getini."

Sadiki akaacha pampu. "Dada Tedi, kwa hiyo pale geti wanapita Wafaransa na mimi sijui?"

Nikafungua daftari, nikasoma. Nilipofika kwenye neno la kwanza nisilolijua nikaliwekea kidole. Nikasema, "Hili silijui, Bwana." Nikasubiri dunia ianguke. Bwana Lukasi akasema, "Ruka, endelea." Basi. Hiyo ndiyo adhabu niliyoiogopa wiki tatu: ruka, endelea.

Nilipomaliza alikaa juu ya sanduku. "Juani," akasema. "Mahali pa wazi. Na nyasi zifyekwe." Akajishika kichwa. "Lakini tukiiweka wazi, kesho asubuhi nusu ya Mwamkulu watakuwa wamevaa buluu."

Lilikuwa swali la kweli na kijitabu hakikuwa na jibu lake. Jibu alikuwa nalo Mzee Masanja. Tulimkuta kwake akifunga mizigo, na Bwana Lukasi alipomweleza akasema, "Weka popote unapotaka. Nitawaambia vijana wa sungusungu wanaolinda kijiji. Atakayegusa sketi moja atakuja kutueleza anamvalisha nani." Nami nilijua, kama alivyojua kila mtu, kwamba hakuna atakayegusa.

Mchana ule tulifyeka. Bwana Lukasi na fyekeo, Sadiki na fyekeo, watoto wa Masanja na majembe, mimi na daftari, nikiwaelekeza: mtego wa hapa uende pale, uonekane kutoka njia ya kunyweshea ng'ombe, upande wa chini usiguse ardhi. Jua lilikuwa kali. Mtego wa kwanza uliposimama mahali pa wazi, buluu yake ikang'aa, ukaonekana kutoka mbali kabisa, na sikuwa nimewahi kuona kitu kilichokaa mahali pake kama kile. Tulikuwa hatujafika hata kwenye wa tatu, Sadiki akaniita. Mbung'o alikuwa ametua kwenye kitambaa cheusi. Tukasimama wote, watu wazima na watoto. Akatembea kidogo. Kisha akapanda juu, kuelekea kwenye mwanga, kama ukurasa wa pili ulivyosema, akaingia.

"Kasoma kijitabu huyo," Sadiki akanong'ona.

Ijumaa asubuhi, kabla ya treni, tulikwenda kukusanya. Vyandarua vilikuwa vinavuma. Nilihesabu kwa mikono yangu mpaka vidole vikafa ganzi, nikachanganya hesabu ya mtego wa nne, nikakata kwa mstari mmoja wa kalamu na kuandika namba sahihi pembeni. Karatasi yenye mkato! Ilikuwa ya kwanza maishani mwangu kuitoa mkononi ikiwa hivyo, na ndiyo hiyo Bwana Lukasi aliisoma kwa redio kwa wakubwa. Alipomaliza, upande wa pili wakamwambia arudie, wakidhani hawakusikia vizuri. Akarudia. Treni ikaondoka bila masanduku yetu.

Mzee Masanja alifungua mizigo yake. Lakini mimi nilikuwa na deni la maneno kwake. Nilimfuata kwenye zizi nikamwambia kila kitu: kwamba nilijua tangu wiki ya kwanza, kwamba dume lake lilikufa mimi nikiwa nafuta kwa raba. Huenda lilikuwa limeshaumwa kabla mitego haijaja. Huenda. Sitajua kamwe, na sikumwambia hiyo huenda, nilimwambia lile nililolijua.

Alimpapasa mgongoni ng'ombe aliyekuwa karibu naye. Kisha akasema, "Hicho Kifaransa kimebaki kingi?"

"Kingi, baba."

"Kisome chote basi. Dume langu lisife bure."

Jumatano iliyofuata Mzee Nestori alinipa maneno yangu manne. Mawili yalikuwa majina ya miti ambayo huku kwetu haioti. La tatu lilikuwa aina ya fundo la kamba. La nne lilikuwa jina la mji kilipochapishwa kijitabu. Alinisubiri nicheke kwanza, ndipo naye akacheka.

Haya, mwanangu, uliuliza Kifaransa kitamfaa nini mtu wa sayansi. Bwana Lukasi aliniambia niwaandikie wale walioandika kijitabu, niwaulize kuhusu nyasi zetu ambazo ni ndefu kuliko zao. Niliandika barua kwa Kifaransa cha getini, chenye makosa, nikaituma kabla sijaanza kuipenda na kutaka kuirekebisha. Baada ya miezi, treni ikaleta bahasha nene: majibu, makala, michoro, na barua ya mtaalamu mmoja aliyetaka kujua habari za daftari langu la rangi za nguo. Mwaka uliofuata kukatokea nafasi moja ya mafunzo huko kwao, miezi mitatu. Kulikuwa na wenye digrii walioiomba. Lakini masomo yote yalikuwa kwa Kifaransa, na walihitaji mtu atakayeelewa siku ya kwanza. Nikaenda mimi, mtu wa kidato cha nne, niliyekuwa sijawahi kuvuka Tabora.

Siwezi kukueleza furaha ya darasa lile. Tulikuwa na watu wa Kongo, wa Burundi, wa nchi za magharibi, na ng'ombe wao wanaumwa kama wetu, na mbung'o wao ni ndugu wa hawa wetu. Mwalimu alitundika ramani ya mbung'o. Mkanda wa mbung'o ulianzia bahari ya upande wa pili wa bara, ukavuka misitu yote, ukafika kwenye ziwa letu, ukaingia Mpanda. Mbung'o hana habari na nani alitawaliwa na Mwingereza na nani na Mfaransa. Sisi tulio upande huu tulikuwa tunasoma nusu ya ramani tu, kwa sababu nusu nyingine watu wake wameiandika kwa lugha tusiyoigusa. Siku ile niliinua mkono na kueleza daftari langu la getini, na kitenzi kimoja nilikiharibu vibaya, na mtu wa Kongo akainuka akasema hata kwao wameona hivyo, kwa wavuvi wenye makoti meusi. Tukabaki tunaulizana mpaka chakula kikapoa. Niliporudi ndipo nilipopewa meza hii. Sasa napima damu ya ng'ombe, na zizi la Mzee Masanja ni mojawapo ya mazizi ninayoyapima. Yule binti yake wa darasa la nne sasa yuko kidato cha kwanza.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Usiache Kifaransa. Kiingereza kisome kwa bidii, ndicho cha mitihani yako, lakini jua kwamba majirani zetu wa kuvuka ziwa tu, wenye magonjwa kama yetu, mimea kama yetu na mvua kama yetu, matokeo yao wameyaandika kwa Kifaransa. Atakayeweza kuyasoma ataanzia pale walipofika wao. Asiyeweza atatumia miaka kugundua upya nguo za buluu. Na jambo la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko la kwanza: unachokijua, kiseme kikiwa bado na matundu. Taja wazi usichokijua na uendelee. Mimi bado naogopa. Kila asubuhi kabla ya kukabidhi majibu ya maabara nataka niyarudie mara moja zaidi. Lakini nakabidhi, kwa sababu zizini kuna mtu anasubiri.

Pamoja na barua hii nimekutumia kile kitabu cha karanga. Kilianzia somo la tano, utakumbuka. Masomo manne ya mwanzo nimeyaandika mwenyewe kwa mkono, nikayashona mbele. Najua kuna makosa. Mengine nimeyaona tayari, na raba iko hapa mezani, na sijaigusa.

Mungu akupe macho ya kuona wanachokiona wachache, na mdomo wa kukisema kabla hakijachelewa. Akupe mzee wa kukufundisha, na siku moja mzee huyo akunyime kidogo kama nilivyonyimwa mimi. Nenda kasome, mwanangu. Dume la Mzee Masanja lisife bure.